Mbung'o wa Mirihi

Tulikuwa tunarudi Tabora kwa basi. Mabruki, fundi cherehani wa Isevya, alikuwa akimchosha mama aliyekaa naye, nami nyuma yao nikachoka bila kuulizwa. Gazeti lake limesema eti Wazungu wataifanya sayari ya Mirihi ikalike. "Watapeleka hewa, mama, kisha wapande miti."

"Miti?" Mama Tekla aliliweka vizuri jembe lake magotini. "Sisi walituhamisha kwa sababu ya malale ya mbung'o, wakasema pori likifyekwa tutarudi. Leo nilikwenda kupalilia kaburi la mume wangu. Pori limefunika kote, sikuliona hata kaburi lenyewe. Na hapo hewa ipo, baba."

"Huko Mirihi hakuna mbung'o," Mabruki akamfariji. Watu wa mjini hawakosi la kumfariji mtu.

Basi likasimama kwenye kizuizi. Mkaguzi akapanda na wavu wake, akatukagua mmoja mmoja tusije tukaingiza mbung'o upande uliofyekwa. Akamwambia Mabruki atulie, akamnasa mbung'o mmoja mgongoni mwake.

Mama Tekla hakucheka. "Na huko Mirihi," akauliza, "mlangoni atasimama nani na wavu?"