Neno Moja la Mwalimu Lomorukai

Ejok, ndugu na marafiki mliotoka Kaikor, Kakuma na hapa Kanamkemer, Lodwar. Familia inawasomea maisha ya Mwalimu Simon Lomorukai Abei, na kwa agizo lake mwenyewe inasahihisha neno moja alilolikosea mwaka wa 1997, kwani alisema hatalala vizuri likibaki lilivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1968 huko Kaikor, akachunga mbuzi hadi mwaka wa 1978 alipoingia darasa la kwanza, akasoma sekondari hapa Lodwar kuanzia 1986 hadi 1989, ambako alipenda fizikia kuliko chakula, na chakula chenyewe alikipenda sana. Alihitimu ualimu mwaka wa 1993, na tarehe 9 Mei 1994 akaanza kufundisha Kakuma.

Jumatatu tarehe 16 Juni 1997, mbele ya wanafunzi na wazazi, aliinua jiwe la kilo moja alilookota kwenye laga ya Tarach, mto unaokauka kiangazi, akasema ndani yake mna umeme wa kuwasha Kenya nzima mwaka mmoja na zaidi. Kesho yake Abuk Mayen, mkimbizi kutoka Sudan aliyeuza chai kambini, alifika shuleni na wilbaro iliyojaa mawe, akasema, "Mwalimu, mawe ndiyo haya, waya iko wapi?"

Mwalimu alimweleza hadi adhuhuri kwamba kila kitu, jiwe, mbuzi, hata chai, kimejengwa kwa viini vidogo visivyoonekana, kwamba uzito wenyewe wa viini hivyo ni nishati iliyofungwa, kwamba viini vya jiwe vimeshikana sana hata nyundo wala moto havivifungui, kwamba vilivyo vizito kama vya urani ndivyo hupasuka, na vyepesi kama vya hidrojeni huungana ndani ya jua, na kwamba hata urani ikipasuka, ni kama sehemu moja tu katika elfu ya uzito wake inayogeuka kuwa nishati. Abuk alisikiliza yote, kisha akauliza, "Sasa hii wilbaro narudisha na nani?"

Waliisukuma pamoja, na tarehe 18 Desemba 1999 wakafunga ndoa Kakuma, wakajaliwa watoto watatu, Wal mwaka wa 2001, Akoru mwaka wa 2004 na Adau mwaka wa 2009, kisha mwaka wa 2010 wakahamia Kanamkemer.

Jiwe moja la wilbaro ile lilibaki kwa Mzee Ekal, mlinzi wa shule, ambaye kila alipokutana na marehemu alimwuliza, "Mwalimu, bado?" Marehemu alicheka mbele yake, lakini akifika nyumbani alijilaumu, kwa sababu aliona amemfanya mtu mzima angojee kitu kisichokuja.

Mwezi wa Agosti 2024 marehemu alianza kuugua figo, na Adau akaacha shule kidato cha pili ili amtunze, naye marehemu akamfundisha kando ya kitanda hadi kitabu cha kidato cha nne kikaisha. Sahihisho hili aliliandika Adau, na marehemu alimrudishia mara tatu, mara moja kwa sababu ya neno "nyingi", akiuliza nyingi ni kiasi gani. Alifariki Jumamosi tarehe 14 Februari 2026, saa moja asubuhi, baada ya kulalamika kwamba chai haina sukari.

Sahihisho ni hili: ndani ya jiwe hamna umeme, mna nishati, ya kuwasha Kenya nzima mwaka mmoja na zaidi, lakini hakuna binadamu ajuaye kuifungua, na Mwalimu hakudanganya, alikosea neno.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliosafisha damu yake, majirani waliotuletea maji, walimu wenzake, na wewe Mzee Ekal, uliyekuja kutoka Kakuma na jiwe lako mfukoni. Asubuhi umeuliza kama unaweza kuliweka kaburini, na Mama Abuk amekujibu, "Weka, Mzee, lakini usiulize tena." Litatangulia lako, kisha mawe yetu ya kufunika kaburi yafuate.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, hakuna tena anayekungojea ulete waya.