Kikopo Namba Kumi na Saba

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Baba Paroko, ambaye leo umekubali kuketi mbele yangu bila mimi kupiga magoti. Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji. Sista msimamizi wa zahanati yetu. Wageni wetu waalikwa mliopanda kutoka chuoni na makoti yenu meupe. Ndugu yetu Swaleh wa Kiboriloni uliyetuletea viti na spika. Ndugu Fikirini na wenzako mliotoka tambarare, kwenye mashamba ya mpunga ya Chekereni. Shemeji yangu Zita. Akina mama, akina baba: Tumsifu Yesu Kristo! Na kwenu, Swaleh na Fikirini, asalaam aleikum. Wazee walionizidi umri, shikamooni. Niliowazidi mimi, marahaba, nimeshawaitikia hata kabla hamjaniamkia.

Kwa mgeni asiyenijua, ingawa sidhani kama yupo, mimi naitwa Rogath. Nimesoma mpaka darasa la saba, na darasa la saba lilinipendeza hata nikalirudia. Nimekuwa mpagazi wa mlima huu miaka ishirini na miwili. Ni mimi niliyembeba Mjerumani wa kilo mia na kumi mgongoni, kutoka kambi ya juu mpaka getini, na mkono wa kulia nimeshika jiko la gesi linachemsha supu yake isije ikapoa. Godlove pale anacheka. Godlove, ulikuwepo? Hukuwepo. Basi tuache tuliokuwepo tuseme.

Ndugu zangu, leo tunakata utepe wa chumba hiki cha maabara, na tunampokea binti yetu, Dokta Flavia, mtoto wa marehemu mdogo wangu Fabian. Mimi ndiye baba yake mkubwa, kwa hiyo nusu ya udokta ule ni wangu, na nusu nyingine namwachia mama yake, shemeji Zita. Niliambiwa niseme dakika tano. Nikawajibu waandaaji, dakika tano ni zangu za kukohoa.

Je, mnajua mtoto huyu amesomea nini? Siku aliyorudi nilimkuta jikoni, shemeji Zita anamenya ndizi za mtori. Nikamuuliza, "Mwanangu, miaka yote hii ulikuwa unasoma nini huko?"

"Utumbo, baba mkubwa."

"Utumbo! Mimi nachinja mbuzi tangu sijaota ndevu, ungeniuliza mimi ukabaki nyumbani."

"Wewe unaujua wa supu," akasema. "Huu mwingine unao ndani na hujawahi kuuamkia."

Basi akanikalisha kwenye kigoda, akanifundisha, na mimi nawapa kama nilivyopewa, sijaongeza kitu. Anasema kila chembe ya mwili wako, ya jicho, ya kisigino, ya utumbo, ina maandishi yale yale, ndiyo yanayoitwa jeni. Kitabu ni kimoja. Kinachotofautisha jicho na utumbo ni kurasa zipi zimefunguliwa na zipi zimefungwa. Nikamwambia, subiri hapo, hilo nalijua! Huo ni mfongo! Maji ya mfereji wetu yanayotoka msituni si ni yale yale? Lakini Jumatatu yamefunguliwa kwa jirani yangu Aikaeli, migomba yake inakunywa, na kwangu pakavu. Mfereji upo kwake na upo kwangu. Swali ni nani amefunguliwa leo.

"Hapo hapo, baba mkubwa," akasema, na macho yakamng'aa. "Sasa uliza nani anafungua."

Ndugu waalikwa, shikeni viti vyenu. Wanaofungua wengine si watu wa ukoo wako! Humo tumboni wanaishi vijidudu, bakteria, wengi kuliko watu wote wa dunia hii. Wengine ulipewa na mama yako siku uliyozaliwa, wengine umewala mwenyewe. Wao wanakula zile nyuzinyuzi za ndizi, za maharage, za ulezi, ambazo wewe na meno yako yote huwezi kuzimaliza. Wakishakula wanatoa asidi ndogo ndogo. Asidi ile inaingia katika chembe za ukuta wa utumbo, inafika mpaka pale uzi wa jeni ulipokunjwa ukakazwa, inaulegeza, na jeni iliyokuwa imenyamaza inaanza kusomwa. Nyingine zinanyamazishwa. Ndipo ukuta wako unashikamana na uvimbe unatulia. Na wale vijidudu wakinyimwa chakula chao, wapo wanaogeuka kula ule ute unaoukinga ukuta wenyewe.

Nilisimama pale jikoni nikapiga kofi, shemeji akadondosha kisu. Miaka hamsini na nne nilidhani mimi ndiye mkulima. Kumbe mimi ni kihamba tu, shamba la migomba, wakulima wako ndani! Na ninyi mnaopika pombe ya mbege mnabisha nini? Chemsha ndizi, weka ulezi, kisha uzuie vijidudu wasiingie, utapata nini? Uji wa wagonjwa. Kama wanaweza kuigeuza ndizi ikamfanya Julius yule pale aimbe nyimbo za Krismasi mwezi wa nne, watashindwa nini ndani ya utumbo wa Julius?

Sasa naingia kwenye jambo lenyewe. Dokta Flavia anataka kujua watu wa mlimani tunaokula ndizi na watu wa tambarare wanaokula wali tumebeba vijidudu gani, na wanatufungulia jeni zipi. Anahitaji wanawake ishirini na wanaume ishirini kutoka kila upande. Kila mmoja atoe choo kidogo, ukubwa wa harage, ndani ya kikopo chenye namba. Humo atawakuta vijidudu, na atazikuta chembe za ukuta wa utumbo zilizobanduka, ambazo zinamwambia kurasa zipi zilikuwa wazi. Hakukati, hakudungi. Ukubwa wa harage!

Akina mama wa mlimani walimaliza ishirini yao kwa siku mbili. Chekereni walimaliza wote, wake kwa waume, kwa siku tatu. Wanaume wa mlimani je?

Wageni wetu, hapa lazima niwafungulie siri ya nyumba. Zamani sana babu zetu walipotoka jandoni waliwaambia wanawake kwamba mwanamume aliyekamilika ameshazibwa huko nyuma. Ngoso, ndivyo walivyoiita. Hana haja kubwa tena mpaka anazikwa. Ndiyo iliyokuwa heshima yake. Bibi zetu walijua ni uongo. Ndio waliofua nguo. Lakini walinyamaza, na babu wakatembea vifua mbele. Jando lile lilishakwisha, hata baba yangu hakulikuta, lakini aibu ilibaki kwetu kama shina la mgomba uliokatwa. Mpaka leo mwanamume wa hapa akienda chooni anachukua panga, ili akionekana aseme anakwenda kukata majani ya ng'ombe.

Na aliyeikuza aibu hiyo kuliko wote, kule kilabuni, ni mimi. Ni mimi niliyewasimulia kwamba nilipanda mlima na kushuka siku nane bila kwenda haja, na Wazungu wakanipigia makofi. Ukweli ni kwamba kila asubuhi nilikwenda nyuma ya jiwe. Nilikuwa naaga kwamba naenda kutafuta mtandao.

Kwa hiyo Flavia aliponiletea kikopo, namba kumi na saba, nilikipokea kwa mikono miwili, nikasema vizuri mwanangu, nikazunguka bandani. Nikachota cha ndama.

Baada ya wiki tatu akanipigia simu. "Shikamoo, baba mkubwa. Majibu yako yametoka."

"Marahaba. Niko mzima?"

"Mzima sana. Mashine inasema hujala nyama wala mtori, unakula majani matupu."

"Mimi? Mashine imechoka hiyo."

"Na inasema unacheua."

Nikakata simu. Lakini mbaya zaidi ni kwamba nilikuwa nimeshajisifu kilabuni kwamba nimeidanganya mashine ya chuo kikuu, na wenzangu wakaniona shujaa. Wanaume kumi na wawili walirudisha vikopo vya uongo. Mbuzi walikuwa tisa. Wa kwangu ndama, wa Godlove punda, na sijui punda alimtoa wapi. Na Julius, Julius mdogo wangu, ulipeleka cha bata! Ukweli ulitoka kwa wanaume wanane tu, wale wasiokuja kilabuni, akiwemo katekista.

Dokta Flavia alivitupa vikopo kumi na viwili. Hakumsema mtu. Lakini leo saa tisa alasiri sanduku la barafu linateremka mjini, na hesabu inafungwa. Wakikosekana wanaume kumi na wawili, mlima wetu unatolewa katika utafiti wote, na jasho la wale akina mama ishirini linapotea. Mashine za chumba hiki, ambazo leo tunazikatia utepe, zitahamia tambarare. Hapo mlangoni Fikirini amenishika mkono akaniambia, "Mzee Rogath, kumbe mlima ndio mrefu, wanaume wafupi!" Nimemwonyesha kiti cha mbele, akae aone.

Ndugu zangu, mnaweza kujiuliza kwa nini binti mwenye akili hivi, aliyeweza kusomea macho au moyo, alichagua utumbo. Hilo nalijua, na sijawahi kulisema.

Miaka kumi na mmoja iliyopita nilikuwa napalilia migomba na baba yake. Fabian akasimamisha jembe, akaniambia, "Kaka, naona damu."

"Wapi?"

"Huko ninakokwenda asubuhi."

Mimi nikacheka. Nikamwambia, "Mwanamume wa mlimani haendi huko. Utaonaje damu mahali usipokwenda?" Naye akacheka, kwa sababu mdogo hucheka mkubwa wake akicheka. Akashika jembe. Hakusema tena, si kwangu, si kwa mkewe, si kwa Sista hapa zahanati. Alipoanguka ndipo tukampeleka hospitali, na daktari akauliza, "Dalili zilianza lini?" Nikajibu sijui. Nilikuwa najua. Ilikuwa imepita miezi kumi na minne.

Nimewasimulia mizaha yangu yote mlimani hapa. Huo ndio mmoja nilioubakiza.

Shemeji Zita, naomba usimame. Hili mkononi mwangu ni jani la isale. Nimelikata leo asubuhi kwenye mpaka wa kihamba cha Fabian, nikalifunga fundo kama wazee walivyotufundisha. Wageni, kwetu ukikosa unapeleka isale, na anayepelekewa hakatai. Lakini shemeji, leo mimi nakuondolea sharti hilo. Miaka kumi na mmoja umeniandalia chakula bila kujua. Ukiona ni zito, liache mezani.

Amelipokea. Mmeona wenyewe. Swaleh, nisogezee maji.

Aika, shemeji. Asante sana.

Flavia mwanangu, kwako sikuleta jani. Nimekuletea hiki. Baba Paroko, usirudishe kiti nyuma, kimefungwa vizuri, nimekizungushia na plasta. Ni kikopo namba kumi na saba, mara ya pili. Nimekwenda asubuhi, kweupe kabisa, njia ya mbele, bila panga. Aikaeli aliniuliza kwenye uzio, "Shemeji, unakwenda wapi?" Nikamjibu ninakokwenda, akadondosha ndoo. Humu ndani, mwanangu, ni mimi mwenyewe. Katika maisha yangu yote, hiki ndicho kitu cha kwanza nilichokitoa bila kukitia chumvi.

Kipokee. Sasa wamebaki kumi na mmoja.

Godlove, usimtazame Mwenyekiti, mimi ndiye ninayesema. Julius, yule bata amekwisha ripoti kazini, tunakutaka wewe. Yule binti mwenye kilemba cha bluu pale dirishani anaitwa Nasrin; vikopo viko kwake, hacheki, hatangazi. Vyoo vya zahanati viko nyuma ya mti ule mkubwa, milango ina komeo, maji yapo. Saa yangu inasema saa saba na dakika kumi. Na mtori wa leo Zita ameupika sufuria tatu. Mwenye kusema tumbo halijawa tayari, aanzie huko.

Akina mama, nawaombeni jambo moja. Mwanamume akiinuka sasa hivi kutoka kiti chake, akaelekea dirishani kwa Nasrin, msicheke. Mpigieni vigelegele, kama anayetoka kanisani na mke. Pengine yupo hapa mmoja ambaye naye anaona damu, na anasubiri kuona kama tutacheka.

Mheshimiwa Diwani, Baba Paroko, wageni waalikwa, jirani zangu. Namshukuru Mungu aliyetupa mlima, namshukuru Fabian aliyetupa Flavia, nawashukuru wale wakulima wadogo wanaotulimia humu ndani bila kutuona. Masikio mmenipa, na asanteni kwa kunisikiliza.

Sasa mpeni mtoto huyu hicho kingine. Julius, nimekuona umeinuka. Vigelegele!