Watu wa Mteremko wa Chini

Mgeni rasmi, sisi waongozaji wageni na wafyeka nyasi wa uwanja huu wa vita tunakukaribisha kwa mikono miwili, isipokuwa mwenzetu aliyekushikia mwavuli. Yeye anakukaribisha kwa mmoja. Ziara yako ya kwanza hatujaisahau. Ulisimama ndani ya handaki, ukafumba macho, ukasema unawasikia mashujaa wakipumua. Wapiga picha walitokwa machozi. Hatukutaka kukukatiza, ila lile ni shimo la maji machafu ya choo cha wageni.

HISTORIA

Hapa majeshi mawili ya kigeni yalipigana siku nne. Maofisa wamezikwa kileleni, kila mmoja na jiwe lake. Wapagazi waliowabebea risasi, mahema na mabafu ya kuogea walifukiwa mteremko wa chini, kwa mafungu, bila hata kijiti. Mmoja wao ni baba wa bibi yake mwenzetu, mwongozaji tunayemwita Mama Filimbi. Kwa miaka kumi na tisa ziara zake zote amezimalizia hapo, wageni wakitazama saa.

MAFANIKIO

Ni mengi. Ukuta umepakwa rangi, upande unaouona.

CHANGAMOTO

Juzi lilikuja greda kusawazisha mteremko huo, msafara wako upate maegesho. Mama Filimbi akavua viatu, akaketi mbele ya tairi. Anasema kichwani hakuwa na historia yoyote, bali sufuria ya maharage aliyoiacha jikoni.

"Mama, ondoka. Mimi nimetumwa tu."

"Na hao walio chini yako walitumwa, mwanangu."

Dereva akazima injini, akashuka.

"Wako wangapi?"

"Hakuna aliyejisumbua kuwahesabu."

Akaketi kando yake. Msimamizi alipofika alimfukuza dereva kazi palepale, na Mama Filimbi akapewa barua ajieleze kwa nini anachelewesha maendeleo. Jana akaletwa dereva mwingine, mtu asiyependa maswali. Mama Filimbi alipoingia kazini alikuta mteremko umelala kama meza. Hakulia. Aliwaongoza wageni waliokuwa wakimsubiri, akawaonyesha maegesho na kuwaambia nani yuko chini yake. Safari hiyo hakuna aliyetazama saa.

MAOMBI

Tuliandika maombi kumi na mawili. Ofisi ikatushauri tubakize moja, jepesi, lisiloharibu shughuli. Basi hatuombi mnara, wala jiwe, wala hotuba. Tunaomba dereva wako aliondoe gari lako pale lilipo, taratibu, kwa kuwa limesimama juu ya watu.

Mungu akujalie safari njema, na akulaze pema siku yako ikifika, mahali ambapo hapana atakayeegesha gari.

Ni sisi,
Waongozaji Wageni na Wafyeka Nyasi wa Uwanja wa Vita.