Mama Barafu na Mishipa ya Kwenye Visahani

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Barafu, kwa kuwa hamkuwahi kumkuta maabara bila ndoo ya barafu.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili wa mshona viatu na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, sekondari hadi 1978, kisha chuo cha maabara hadi 1982, na tarehe 3 Januari 1983 akaajiriwa hospitalini.

Tarehe 9 Agosti 1986 alifunga ndoa na fundi redio, shemeji yetu huyu, aliyezoea kulalamika kwamba Jumapili seli za maabara hulishwa kabla yake, wakajaliwa mabinti wawili, 1988 na 1991.

Mwaka 1996 alihamia maabara ya utafiti, akawa anakuza seli za mishipa ya damu zilizotolewa kwenye kamba za vitovu vya watoto wachanga, akizipanda juu ya jeli kwenye visahani, nazo ndani ya saa sita hujiunga zenyewe kama wavu, kisha kesho yake wavu hukatika.

Mei 2009, dawa ya vidonda visivyopona, iliyofanyiwa kazi miaka mitatu, ilionekana haioteshi mshipa hata mmoja, na Profesa aliyeongoza maabara akaitisha kikao cha kuufunga utafiti, lakini dada, aliyebakiza wiki mbili mkataba wake ujadiliwe, alikuwa amepekua daftari lake na kuona kwamba visahani visivyo na dawa alivipiga picha saa sita baada ya kupanda seli, vyenye dawa akaviacha hadi kesho yake kwa sababu ya foleni ya hadubini, akasimama mbele ya wote akasema, "Kosa ni langu, Profesa, hizi seli nimezipiga picha zimeshachoka, dawa haina hatia."

Walirudia, vyote vikapigwa picha kwa saa zile zile, wavu wa vyenye dawa ukatokea mnene kuliko wa visivyo nayo, mkataba nao ukaongezwa.

Kisukari kilimpata 2015, kidonda cha mguu kikafuata 2022, na Jumatatu iliyopita Profesa alimletea habari kitandani kwamba wagonjwa wa kwanza wataanza kupakwa dawa ile mwezi Septemba, yeye akijua hatakuwa miongoni mwao, akauliza ni wangapi, akaambiwa arobaini, akasema ni wengi hao, akafariki kesho yake, Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani na wenzake wa maabara.

Dada, pumzika kwa amani, arobaini wanakuja.