Radi Yetu Ilipopata Mvua

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena! Niitikieni kwa nguvu, maana kuna msimu hata mbuzi wa jirani alinizidi sauti.

Mimi ni Deo wa Kizwite. Shule niliiacha fomu two, au yenyewe iliniacha, tusibishane. Bendi yetu inaitwa Radi, tunapiga dethi metali: gitaa zinanguruma, ngoma zinakimbizana, na mimi mwimbaji nakoroma kama simba aliyekabwa na mfupa. Albamu ya kwanza nilikoroma mwanzo mpaka mwisho. Mama akasikiliza, akaniuliza, "Deo mwanangu, hapo unaimba au tumbo linakusumbua?" Mazoezi tulifanyia kwenye nyumba ya mashine ya kusaga. Wateja wakajua mashine imeharibika!

Ndugu zangu, tukaanza kurekodi albamu ya pili. Nikataka kukoroma zaidi. Katikati ya wimbo sauti ikakatika. Nafungua mdomo, unatoka upepo! Daktari akanichungulia koo, akasema, "Nyamaza kabisa. Ukilazimisha, haitarudi." Mropokaji mimi, ninyamaze! Nililia, na kilio chenyewe hakikusikika.

Mama akanipeleka kijijini kupura ulezi. Kule masuke yanapigwa kwa fimbo, huku upande mmoja unaimba, upande wa pili unaitikia. Nikapewa fimbo. Shangazi akanitania, "Leo tumepata mwanaume asiyebisha!" Jioni ni rozari, wenzangu wanasali, mimi nachezesha midomo tu. Moyoni nasema, Bwana, nirudishie hata nusu.

Tukapura, tukapepeta, kimya vilevile. Mpaka siku moja shangazi akaanzisha wimbo, fimbo zikashuka, nami nikaitikia bila kufikiri. Sauti ikatoka! Ya chini, nyororo, sikuwahi kujua kama ninayo. Fimbo zote zikasimama.

"Deo? Ni wewe?" mama akauliza.

"Ni mimi, mama."

Vigelegele vilipigwa, haleluya! Shangazi akasema, "Basi, amani imeisha."

Nikarudi bendini. Juma, mpiga ngoma wetu, nikampigia ule mdundo wa fimbo kwenye debe, akauingiza kwenye ngoma zake. Gitaa bado zinanguruma, lakini sasa naimba. Kukoroma natia kidogo tu, kama pilipili, na daktari ameridhia. Kuna mashabiki wananicheka, "Mshikaji, umekuwa kwaya!" Poa tu. Albamu imetoka, tumeiita Mvua, maana radi isiyoleta mvua inatisha watu bure. Mama anaifungulia jikoni, anasonga ugali kwa mdundo wake!

Namshukuru Mungu. Na wewe ndugu yangu uliyekatikiwa sauti leo, mwamini. Usiibwage fimbo. Endelea kupura na wenzako, hata kama umekaa kimya. Zamu yako ya kuitikia ikifika, atakupa cha kuitikia, na pengine kitakuwa kizuri kuliko kile ulichokuwa unakililia.