Mzee Dasio, Sauti ya Wakuu Wote Walioshindwa

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuwasomea waandishi vitabu vyao, Mzee Dasio anastaafu siku ya kwanza ya mwezi wa Juni, akiwa amebakiwa na meno kumi na saba na koo zima. Chama chetu cha wanakili na wasomaji wa mtaa wa Argileto kimenituma niandike maneno haya yasomwe kwenye karamu. Aliombwa yeye kwanza, akasema kujisifu ni kazi ya majenerali.

Alizaliwa ng'ambo ya mto Danubi, akaletwa Roma na askari akiwa na miaka saba. Alinunuliwa na nyumba ya Bwana Vibio Serano, mwandishi wa historia, akafundishwa kusoma, na haikupita muda ikajulikana kwamba ana sauti ya kuwaamsha hata wale wanaolipwa kuja kupiga makofi.

Wanachama wapya huuliza kwa nini tunamwita Mkuu wa Kabila. Enzi za yule Kaisari ambaye siku hizi jina lake linafutwa kwa patasi kwenye mawe, Bwana Serano alialika watu wasikilize kitabu chake cha nne. Bwana ni mtu mwema, ila ni mkaidi kama punda wa kinu. Humo alikuwa ameandika, kama maneno yake mwenyewe: "Tuliwaambia watu wa mtoni tumekuja kuwalinda. Hawakuuliza tunawalinda na nani, maana walikuwa wakituona." Maneno mepesi kuliko hayo yalikuwa yamekwishawapeleka majirani zetu wawili kusikorudi mtu.

Mzee alikuwa amebakiza vidole vitatu vya gombo kuyafikia alipoingia Abidio, yule wa kupeleka maneno ikulu. Akaketi mbele kabisa, akatoa vibao vyake vya nta. Sisi tuliokuwa nyuma tukaanza kuutafuta mlango kwa macho. Mzee akakohoa. Akaomba maji, akayanywa taratibu kama mtu aliye harusini. Kisha akasoma kitu ambacho hakikuandikwa popote: "Hapo akasimama mkuu wa kabila, jitu la ndevu mpaka kitovuni, akawakemea Warumi. Mnasema mmekuja kutulinda. Hatuulizi mnatulinda na nani, tunawaona."

Aliyasema kwa lafudhi nzito ya mama yake, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Abidio alicheka mpaka akadondosha kibao. Alipokuwa akitoka alimpiga Bwana begani: "Hawa washenzi umewapatia kweli, ndugu yangu. Wana midomo hawa."

Bwana alikuwa ameshikilia nguzo. Jioni ile alisema, "Umeniharibia kitabu, Dasio." Siku ya tatu, alipoanza kula tena, akasema, "Nashukuru kwa kuniachia shingo."

Habari ikapita chini kwa chini. Waandishi wakawa wanakuja mmoja mmoja. "Mzee wangu, nina neno linaniwasha kuhusu magavana, nitafutie mshenzi wa kulisema." Naye alikuwa nao wa kila namna: malkia mjane, mfalme kipofu, kuhani wa msituni. Maadui wa Roma hawakupata kuwa wasemaji hodari kama walivyokuwa mtaani kwetu miaka ile. Askari wastaafu waliokuja kusikiliza waliapa hawajakutana na mshenzi mwenye pumzi ya sentensi ndefu hivyo.

Siku moja nilimuuliza Mzee, mkuu wa kweli wa kwao alisema nini askari walipofika kijijini.

"Alisema, fungueni mbuzi," akajibu. "Basi. Angalau wao wakimbie."

Nilicheka, naye akacheka, akasema hayo si ya kutia kitabuni.

Sasa Kaisari yule hayupo, Abidio anajifanya mkulima huko mbali, nasi tunalala usingizi wa haki. Wiki iliyopita Bwana Serano alimwacha Mzee huru mbele ya hakimu, akamuuliza anataka zawadi gani, kikombe cha fedha au joho. Mzee akaomba kitabu cha nne kinakiliwe upya, na yule mkuu, aliyekwisha kuandikwa humo tangu siku ile, aongezewe maneno mawili mwishoni mwa hotuba. Bwana akasema yataharibu mdundo wa sentensi. Kisha akanijia mezani kwangu, akaniambia niyaandike.

Juzi Mzee alikisoma kwa mara ya mwisho, bila kukohoa na bila lafudhi. Alipofika kwenye maneno yale mawili hakuna aliyecheka. Bwana alikuwa akitazama mikono yake. Mzee akakunja gombo, akaomba maji, na safari hii alikuwa na kiu kweli.

Mzee Dasio, tunakushukuru kwa shingo zetu. Tumesikia umepata kibanda na malisho kidogo kwenye vilima vya Wasabini, nje ya Roma. Nenda ukapumzike, uishi uzeeke vizuri, na mbuzi wako wasijue kamba.

Khione, mnakili wa meza ya tatu