Kidude Kimemlilia Mkasi

Kijiwe cha kona ya duka la vioo hakina mwenyekiti wala katiba. Kina benchi, birika la kahawa, na watu wasioamini jambo mpaka waelezwe na asiyelijua. Jioni hiyo Mkasi, fundi cherehani, alikaa amebanwa katikati. Kulia kwake alikuwa Afande, mlinzi mstaafu anayeshuku hata kivuli chake. Kushoto alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyeitwa Redio kwa sababu neno likimwingia sikioni hufika kwa dada yake kabla mwenyewe hajavaa viatu. Mkasi aliongeza kikombe kingine. Nyumbani hakuwa na haraka nako.

— Huyo anakuja, alisema Afande. Bi Mashine na kidude chake.

Bi Mashine alifundisha fizikia chuo kikuu, na alikuwa amepanga ghorofa ya ng'ambo ya barabara. Kila jioni alipita na kidude cha ukubwa wa tofali, akisimama hapa na pale kupima mionzi itokayo kwenye mawe na kuta. Mwenyewe alisema ni utafiti. Kijiweni neno hilo halikumridhisha mtu.

— Ukuta unapimwa una homa? aliuliza Redio.

— Chini yetu kuna madini, alisema Afande. Leo anapima, kesho tunaambiwa tuhame.

— Madini wapi! Kidude kile kinafyonza nguvu za watu. Humwoni shemeji alivyokonda?

— Nimekonda kwa kazi tu, alisema Mkasi.

— Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, alisema Redio. Ndiyo maana Bi Mashine anatembea taratibu vile. Anafyonza.

Bi Mashine aliwaamkia, wakaitikia marahaba kwa shingo upande. Siku zote kidude kikifika benchini hulia tik, kikapumzika, kikalia tena. Leo kilianza kupasuka kama bisi kikaangoni. Alikunja uso. Akamwomba Afande asogee, kikaendelea. Redio akasimama, kikaendelea. Alipokielekeza kwa Mkasi, kelele zikaungana zikawa moja.

Mkasi alijua sababu. Asubuhi alimwambia mkewe anafuata kitambaa, kumbe anakwenda hospitali. Walimchoma sindano ya dawa yenye mionzi, wakamlaza chini ya mashine waone kama saratani imefika kwenye mifupa. Majibu bado. Muuguzi alimwonya asimpakate mtoto mdogo mpaka kesho, na nyumbani kulikuwa na mjukuu. Alitaka mtoto alale kwanza ndipo arudi. Na alitaka majibu ayasikie peke yake, kwa kuwa machozi ya mkewe aliyaogopa kuliko ugonjwa.

Bi Mashine alimtazama, akaona plasta kwenye kiwiko. Akazima kidude.

— Kimeharibika, alisema.

— Kinaharibikia kwa Mkasi tu? aliuliza Afande.

— Betri, mzee.

Akainama kama anayefunga kamba ya kiatu, akanong'ona:

— Sindano ya leo?

— Ya leo, alijibu Mkasi.

— Hawa haiwadhuru. Nyumbani kuna mtoto?

— Mjukuu.

— Basi kesho.

Redio alisikia mnong'ono asisikie maneno, na hilo kwake lilikuwa baya kuliko yote.

— Shemeji, umemuuzia nini huyu? Figo?

— Figo hazilii, alisema Afande. Huyu kapandikizwa kitu. Mtu katoka asubuhi kufuata kitambaa, mbona karudi mikono mitupu?

— Enhe. Kitambaa kiko wapi, shemeji?

— Sikupata rangi niliyoitaka.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Redio kwa uchungu. Mgeni kaja, na mwenyeji ndiye anayelia tik tik.

Ndipo mke wa Mkasi akakata kona, mjukuu wao wa kike kiunoni, anacheka toka mbali.

— Mke mwenzangu huyu kagoma kula, alisema. Anamtaka mumewe. Haya, mpokee.

Mtoto alinyoosha mikono yote miwili. Mkasi alisimama, akarudi nyuma mpaka kisigino kikagonga ukuta, akaficha mikono mgongoni.

Kicheko cha mkewe kikakatika. Alimtazama mume, akamtazama yule mwanamke mwenye kidude, kisha mume tena.

— Baba, aliuliza polepole, mbona humpokei mtoto?

Afande aliinamia kikombe chake. Bi Mashine alijua jibu, lakini halikuwa lake kulitoa. Mtoto akaanza kulia, bado kanyoosha mikono, na ya Mkasi ilikuwa ingali mgongoni.